Zamu ya Bi Nazmiye

Saa mbili kasorobo asubuhi ya Jumamosi, Bi Nazmiye alifungua mlango wake akiwa na ndoo ya maji ya moto mkononi, tambara la kudekia begani, na goti la kushoto limefungwa bendeji. Akateremsha ndoo. Akatazama ngazi. Ngazi zilikuwa zimeshapigwa deki.

Tuliache jambo hili litulie kidogo, maana ni zito. Kibao cha zamu kilikuwa kinaning'inia kwenye kitasa chake, kumaanisha wiki hiyo ilikuwa yake yeye: yake kufagia, yake kupiga deki, yake kukwangua chochote ambacho mbingu zingeamua kukiangusha mbele ya nyumba. Wiki iliyopita ilikuwa ya Bi Häberle wa chini. Wiki ijayo ingekuwa ya Vedat wa juu. Nyumba ilikuwa na milango mitatu tu, na katika miaka thelathini na tisa zamu ya mlango wa katikati haikuwahi kurukwa, hata wiki ile aliyomzaa binti yake, Tülin. Siku hiyo Bi Nazmiye alipiga deki kwanza, akaita teksi baadaye.

Na sasa ngazi zilikuwa zinang'aa, zinanukia limau, na yeye hakuzigusa.

Mlango wa chini ukafunguka. Bi Häberle, mwanamke wa miaka sabini na minane, mwembamba na mnyoofu, akatoa kichwa.

"Habari za asubuhi, Bi Nazmiye. Leo umewahi."

Bi Nazmiye aliitazama ndoo yake.

"Na pembeni umefika," Bi Häberle aliendelea, akichunguza ngazi ya mwisho kama daktari anayechunguza ulimi. "Kwa kweli zinang'aa kuliko kawaida."

Kuliko kawaida.

"Ahsante," alisema Bi Nazmiye. Akarudi ndani na ndoo yake, maji yakiwa bado yanatoa mvuke, akafunga mlango taratibu sana. Watu wanaomjua wanasema ni heri aubamize.

*

Tülin alimaliza zamu yake ya kuendesha tramu saa saba mchana. Stuttgart ilikuwa katika wiki yake ya ukichaa. Alhamisi watu walikula aiskrimu wakiwa wamevaa mikono mifupi. Ijumaa ikanyesha mvua ya mawe, na mama yake akateleza nje ya duka la mboga akaumia goti. Leo jua lilikuwa limewaka tena kana kwamba halijui kilichotokea jana.

Vedat alikuwa anamsubiri kituoni, kama alivyokuwa akimsubiri tangu vuli. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, miaka thelathini na moja, amekuja kutoka Trabzon, katika nchi ya wazazi wa Tülin, miaka miwili iliyopita, na nyusi zake zilikutana kila alipofikiri. Alipohamia ghorofa ya juu, alipanda tramu ya Tülin hadi mwisho wa reli na kurudi, mara nne katika wiki moja, bila kuwa na shida yoyote huko mwisho wa reli. Safari ya tano Tülin alimwuliza kwenye kipaza sauti, abiria wote wakisikia, kama yule bwana mwenye koti la kijani amepotea. Mapenzi yao yalianzia hapo, mbele ya mashahidi sitini.

"Umechoka?" aliuliza, akimpa mkate wa chumvi uliosokotwa, wa moto.

"Kuna mtu ameingia na godoro. La watu wawili. Akataka kujua kama godoro linalipa nauli."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia likikaa kwenye kiti, linalipa."

Vedat alicheka, akamtazama. Kulikuwa na namna alivyomtazama, kama mtu aliyeweka kitu cha thamani mahali fulani na kila mara anafurahi kukikuta pale pale. Tülin alikuwa na miaka ishirini na saba na alijua kuendesha tani sitini za chuma kwenye mteremko wa barafu, lakini macho hayo yalimfanya asahau mkono wake wa kushoto ni upi.

"Nina habari njema," alisema Vedat. "Nimemsaidia mama. Nimeamka saa kumi na moja, nikashuka pekupeku asisikie, nikapiga deki ngazi zote, kuanzia mlangoni kwangu mpaka mlango wa nje. Na sabuni ya limau."

Tülin aliacha kutafuna.

"Hii ni wiki ya nani?"

"Yake. Ndiyo maana nikasema nimemsaidia. Goti lake lile."

"Kuna mtu amekuona?"

"Hata mmoja. Nimefanya kimya kimya kama mwizi."

"Kwa hiyo mama ameamka akakuta zamu yake imefanywa, hajui na nani."

"Si atakuwa amefurahi?"

"Vedat," alisema Tülin polepole, "unamjua mama yangu kwa sura tu."

Nyusi zake zikakutana. "Kwetu ukimkuta mzee anaumwa goti, unabeba ndoo. Huulizi. Ukiuliza ndiyo unamwaibisha."

"Kwenu hakuna kibao."

"Ni kipande cha mbao tu, Tülin."

"Usije ukamwambia hivyo. Kesho saa tisa mjomba wako anakuja na maua kuniposa kwa ajili yako. Kaa kimya mpaka saa tisa, tafadhali. Usisaidie mtu yeyote."

*

Nyumbani Tülin aliukuta unga uliokandwa umetandazwa mezani na mama yake amekaa mbele yake bila kuugusa. Ulikuwa unga wa börek ya wageni wa kesho, ile pai ya tabaka nyembamba na jibini.

"Amekwambia?" mama aliuliza.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Sabuni ya limau. Nimepanda mpaka juu kunusa."

"Na goti hilo?"

"Nilikuwa na sababu."

Tülin akakaa. Mama yake alitazama dirishani, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kufunika jua lililokuwa na kiburi tangu asubuhi.

"Kesho hakuna mgeni," alisema Bi Nazmiye. "Mwambie amwambie mjomba wake."

"Mama, mjomba wa Vedat akirudishwa harudi tena. Ndivyo alivyo. Na Vedat hana mzee mwingine nchi hii."

"Nimesikia."

"Na mimi nimeshasema sitaolewa bila neno lako. Sitakimbia na mtu, sitakuletea cheti cha ofisini. Ukikataa kesho, umekataa kweli."

"Nimesikia, mwanangu."

"Unanikatalia mume kwa sababu amepiga deki. Wenzangu wanakataliwa wanaume wasiojua hata ndoo inakaa wapi."

"Usinichekeshe nikiwa na hasira." Lakini hakuwa na hasira. Tülin aliona kidevu cha mama yake kikitetemeka kidogo, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu walipomzika baba, miaka sita iliyopita.

"Nilikuja hapa nina miaka ishirini na moja," alisema Bi Nazmiye. "Baba yako alinionyesha kibao, akanieleza. Jumamosi ya kwanza nilipiga deki mpaka vidole vikavimba. Nikaingia ndani. Baada ya nusu saa nikasikia ndoo. Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Alikuwa Bi Häberle, amepiga magoti, anapiga deki ngazi zangu upya."

"Bi Häberle huyu wa chini?"

"Huyo huyo. Hakusema neno. Jumamosi nyingine hivyo hivyo. Zamu yangu ikifika, mimi nafanya, yeye anarudia. Mwaka na miezi miwili. Nilibadilisha sabuni. Nilitumia mswaki. Nilimwandikia mama yangu kwamba ninaishi vizuri, majirani ni wema." Alikunja pembe ya unga, akaikunjua. "Halafu mwezi wa pili mmoja, theluji imejaa, nimemaliza, nimesimama kwenye tundu nasubiri ndoo. Haikuja. Nikasubiri mpaka adhuhuri. Baba yako aliporudi akanikuta nimekaa sakafuni ninalia, akadhani kuna msiba. Nikamwambia, leo hakurudia. Siku ile, Tülin, ndiyo siku niliyohamia mji huu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekuja tu."

Tülin alisogeza kiti chake karibu na mama yake.

"Sasa leo nafungua mlango, imerudiwa kabla hata sijaanza. Na ni Bi Häberle mwenyewe ananiambia zinang'aa kuliko kawaida."

"Vedat hakujua, mama."

"Najua hakujua. Ndiyo maana simchukii. Lakini kesho siwezi kukaa nikatabasamu."

*

Jioni hiyo mvua ilianza, nyembamba na ya baridi. Vedat alishuka ghorofa moja akabonyeza kengele. Mlango ulifunguka kwa upana wa mnyororo.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo ilibaki hewani. Hakuna aliyeipokea.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Vedat alifikiri. Lilikuwa swali la mtihani, na alikuwa amesoma ukurasa usiotoka. "Kwa kukusaidia," alijaribu.

"Mimi nimeomba msaada?"

"Hapana, mama."

"Nimekufa?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi kesho usije."

Vedat alikuna kisogo. "Keshokutwa?"

Mlango ulifungwa. Lakini Tülin, aliyekuwa nyuma ya mama yake ukumbini, aliapa baadaye kwamba mama alifunga mlango kwa kasi ili asionekane mdomo ukimcheza kwa kicheko.

Kisha Tülin akamwandikia Vedat ujumbe mrefu, akamweleza yote: mswaki, tundu la mlango, mwaka na miezi miwili. Alijibiwa baada ya saa nzima, maneno matatu tu. *Mimi ni punda.* Tülin alilala na simu kifuani.

*

Theluji ilianguka alfajiri, katikati ya Aprili, juu ya maua ya mti wa plamu uliokuwa umejiamini mapema. Kufikia saa mbili ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Jumapili mtu haruhusiwi kupiga deki wala kufagia kwa kelele katika mtaa ule, lakini theluji haina Jumapili: ilitakiwa iwe imeondolewa kabla ya saa tatu, na wiki ilikuwa bado ya Bi Nazmiye.

Alitoka na beleshi. Vedat alikuwa amesimama mbele ya nyumba, amevaa koti la kijani, mikono mitupu imenyooshwa pembeni kama mtu anayepekuliwa na polisi.

"Sikuja kusaidia," alisema. "Nimekuja kusimama tu."

"Basi simama kule. Hapo umesimama kwenye kazi yangu."

Akasogea. Bi Nazmiye akaanza kukwangua. Goti lilimuuma, ilionekana kila alipogeuka. Vedat aliingiza mikono mfukoni, akaitoa, akaikunja, akaifungia nyuma. Sidhani kama kuna mwanamume aliyewahi kuteseka hivyo kwa kutofanya kazi.

"Tülin ameniambia kuhusu mwaka ule," alisema mwishowe. "Ningejua, ningebaki kitandani nikiliombea goti lako dua."

Beleshi liliendelea.

"Kazini kwangu," alisema, "miezi sita ya kwanza, kila jino nililochonga, mkubwa wangu alilichonga upya nikishaondoka. Nikifika asubuhi naona vumbi mezani. Nyumbani nilikuwa nimefanya kazi hii miaka minane. Mzee mmoja wa Trabzon alikuwa anakata nyama kwa meno yangu."

Beleshi likasimama.

"Ulifanyaje?"

"Nilichonga tu. Ningefanya nini?"

"Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia wananipenda sana."

Bi Nazmiye aliegemea beleshi akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu jana, kuanzia kofia hadi viatu.

"Bado anarudia?"

"Siku hizi anatazama tu, halafu anaweka chini."

"Kutazama si vibaya," alisema Bi Nazmiye. "Kutazama kunatosha."

Alikwangua mpaka mwisho wa ukuta. Kisha akachukua ndoo ya changarawe za kumwaga njiani ili watu wasiteleze, akaitazama, akalitazama goti lake, akamnyooshea.

"Shika. Kushika tu. Nitachota mwenyewe."

Walitembea hivyo kwa hatua fupi, Bi Nazmiye akichota na kurusha, Vedat akibeba ndoo kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. Juu, dirishani, Tülin alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo mpaka kioo kikapata ukungu.

Hapo simu ya Vedat ikalia. Alisikiliza, akasema "ndiyo mjomba" mara tano, akaiweka mfukoni.

"Mjomba yuko Ulm, stesheni. Treni zimesimama kwa theluji. Hawezi kufika."

"Si nilisema umwambie asije?"

"Nilishindwa, mama. Namwogopa kuliko ninavyokuogopa wewe. Nilikuwa nategemea Mungu."

Bi Nazmiye alirusha changarawe za mwisho. "Basi yamekwisha vizuri. Hakuna wa kukuposea, na hakuna aliyefukuzwa mlangoni."

Alisema ni vizuri, ila alisimama pale kwa muda, akitazama njia aliyoisafisha, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

*

Vedat alipompa habari hizo, Tülin hakusubiri. Alishuka na soksi, akagonga mlango wa chini. Bi Häberle alimfungulia akiwa na gauni la kanisani na rola za kukunjia nywele bado kichwani.

"Bi Häberle, jana aliyepiga deki ni Vedat. Si mama."

"Ninajua. Mama yako hatumii limau."

"Sasa mbona ulimsifia?"

"Nilidhani amebadilisha sabuni. Baadaye nikafikiri." Alimtazama msichana usoni. "Kuna jingine."

"Zamani, mama alipokuja. Ulikuwa unarudia ngazi zake."

Bi Häberle alikaa kwenye kiti kidogo cha kuvulia viatu. Nje theluji ilianza kudondoka kutoka kwenye paa, vipande vizito, kimoja baada ya kingine.

"Alijua?" aliuliza.

"Alikuwa kwenye tundu la mlango. Kila mara."

"Mungu wangu. Nilidhani yuko jikoni." Alivua rola moja, akaishika. "Mama mkwe wangu alikuwa hai. Alikuwa anakaa hapa, kwenye dirisha hili, na fimbo. Mimi si wa hapa, mwanangu. Natoka Kiel, kaskazini, kwenye bahari. Kwake yeye nilikuwa mgeni kuliko mama yako. Mama yako angalau alikuwa na sababu ya kuwa mgeni. Zamu yangu nilipiga deki, akanirudisha. Zamu ya mama yako, akanituma. Miaka kumi na tano nilipiga deki kila kitu mara mbili katika nyumba hii."

Tülin alikaa kwenye sakafu, karibu naye.

"Mjomba wa Vedat amekwama Ulm," alisema. "Na mama anasema yamekwisha."

"Ni yule anayekuja kuomba? Mwenye maua na chokoleti?" Bi Häberle alisimama. "Inabidi awe mwanamume?"

"Inabidi awe mzee wake. Mtu wa kumsemea."

"Nimeisikia posa ya binamu yako kupitia dari. Ilichukua saa mbili na kulikuwa na vicheko. Leta karatasi uniandikie maneno. Kwa Kijerumani, na herufi kubwa."

*

Saa tisa kamili kengele ililia. Jua lilikuwa limerudi, mtaa mzima ulikuwa unatiririka maji, na theluji ya asubuhi ilikuwa imebaki kwenye kivuli tu. Bi Nazmiye alifungua. Bi Häberle alisimama kizingitini amevaa blauzi yenye kifungo cha fedha shingoni, akiwa na maua aliyoyatoa kwenye chombo chake mwenyewe, bado yanadondosha maji. Nyuma yake, ngazi mbili chini, alikuwa Vedat na sanduku la chokoleti na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Miaka thelathini na tisa sahani zilipita kati ya milango hiyo miwili, za keki kwenda juu, za mchele kuja chini, na Bi Häberle hakuwahi kukaa kwenye kochi la Bi Nazmiye. Lakini mgeni mlangoni ni mgeni.

"Karibu," alisema Bi Nazmiye. Ilimtoka yenyewe.

Walikaa. Tülin alileta kahawa. Bi Häberle aliweka karatasi magotini, akaipiga pasi kwa kiganja, lakini hakuisoma.

"Kwanza jambo langu," alisema. "Ngazi zako zilikuwa safi, Bi Nazmiye. Tangu Jumamosi ya kwanza kabisa. Nilikuwa napiga deki mahali pasafi na kujiona mjinga. Mama mkwe aliniamuru. Alipokufa, ule mwezi wa pili, niliacha siku hiyo hiyo."

Tülin hakuthubutu kumtazama mama yake.

"Alikufa," alirudia Bi Nazmiye.

"Ijumaa. Jumamosi ilikuwa zamu yako."

"Kwa hiyo sikuwa nimeshinda. Alikuwa amekufa tu."

"Tulishinda wote wawili," alisema Bi Häberle. "Mimi nililala siku nzima."

"Alikuwa anakurudisha na wewe?"

"Mpaka kwenye sufuria."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Bi Nazmiye alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Aliwahi kunisifu mara moja," alisema Bi Häberle. "Alisema supu yangu haina kasoro kubwa. Nilimwandikia dada yangu barua."

Hapo Bi Nazmiye alicheka. Kilianza kama kikohozi, akajaribu kukizuia kwa pembe ya kitambaa chake, kikamshinda, akacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko ilikuwa vigumu kujua machozi ni ya nini. Bi Häberle alimpa leso. Vedat alitazama sakafu kwa adabu kubwa.

Kisha Bi Häberle akavaa miwani. Mprotestanti huyu wa miaka sabini na minane alisimama, akasoma kwa sauti anayotumia kwenye nyimbo za kanisani: "Kwa amri ya Mungu na kwa kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu Tülin kwa ajili ya kijana wetu Vedat." Alipofika kwenye "kijana wetu" alirudi nyuma akalisoma tena, akaridhika nalo. "Naongeza la kwangu," alisema. "Pembeni anafika. Nimekagua."

Vedat aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Tülin alimtazama, naye akamtazama, na katikati yao palikuwa na meza, vikombe vinne, na kila kitu walichokuwa wanakitaka duniani.

Bi Nazmiye alijifuta macho. "Mama yako yuko hai?" alimwuliza Vedat.

"Yuko hai, mama. Trabzon."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Simtoi binti yangu kwa mtu ambaye sijamsikia mama yake."

Simu ililia mara mbili. Sauti ya mwanamke ikajaza chumba, ikauliza kama kuna mtu amekufa. Vedat akawahi kusema hapana, na Bi Nazmiye akamnyang'anya simu.

"Salaam aleikum, dada. Mimi ni Nazmiye, jirani wa mwanao. Hujambo? Huko kwenu hali ya hewa ikoje?"

Huko Trabzon kulikuwa na mvua. Kulikuwa na mvua siku ya tatu, na chai ilikuwa inaanza kuchipua, na mgongo wa mama Vedat ulikuwa unajua mvua kabla ya redio. Bi Nazmiye alisikiliza yote. Tülin alishika ukingo wa kiti. Vedat alikuwa ameacha kupumua tangu neno mvua. Bi Häberle, asiyeelewa hata neno moja, alikuwa anaitikia kwa kichwa na kunywa kahawa yake.

"Huku kwetu," alisema Bi Nazmiye, "theluji imeanguka leo, mwezi wa nne huu. Ndiyo, dada. Kwetu huwa hivyo. Alhamisi joto, Ijumaa mawe. Umezaliwa huku usizaliwe huku, huzoei, lakini unaweka koti mlangoni."

Sauti ya Trabzon ikauliza, kwa wasiwasi, kama mtoto ana koti.

"Analo, la kijani. Jembamba. Nitamnunulia jingine." Upande wa pili mama Vedat alilirudia neno hilo, nitamnunulia, akiogopa kuuliza maana yake.

"Ndiyo, dada," alisema Bi Nazmiye, sasa polepole. "Umesikia vizuri. Nimempokea. Lia tu, na mimi nilishalia leo. Usiwe na wasiwasi naye tena kwa baridi. Huku sasa ana mama wa kumfokea."

Vedat aliinuka, akainama, akaubusu mkono uliokuwa haujashika simu. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu Bi Nazmiye, na kwa mkono huo huo akamsukuma kichwa upande, apate kumsikia vizuri dada yake wa Trabzon.